Kiti Hakitoki Mpaka Chai Ipoe

Jumapili hii inayokuja basi litawachukua pale Coventry Road, na nimesikia vijana wengi mmejiandikisha kwenda kutazama mbio za pikapu. Vizuri, nendeni. Lakini nawajua. Mtasimama kwenye uzio na simu zenu, mtapiga picha za moshi, mtakula chipsi, na mkirudi nyumbani mtu akiwauliza mmeona nini, mtasema magari yamezunguka. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Mimi nimeshona viti vya magari tangu nikiwa rika lenu mpaka macho yalipokataa kutia uzi kwenye sindano, na ndani ya hizo pikapu kuna kitu nataka mkiangalie. Msiangalie magurudumu. Kwenye kona, angalieni helmeti ya dereva. Angalieni kama imesimama au imelala.

Kwa nini, nitawaambia. Mkiona nimeruka kutoka hapa hadi pale, nifuateni tu, shule sikukaa sana. Na naandika Kiswahili ingawa nyumbani kwetu ni Kisomali, kwa sababu kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili, Nairobi, na mpaka leo nikishika mkasi ndicho kinachonijia. Tena nyinyi mnakielewa, watoto wa Wakenya na watoto wa Wakongo, hata mkijifanya kunijibu kwa Kiingereza.

Aliyenifundisha aliitwa Fundi Kilonzo. Alikuwa mtu mfupi, mkali, hapendi maneno mengi, na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote, si kule, si hapa Birmingham. Ukimaliza kushona kiti cha lori, hukikabidhi. Unakikalia. Aliyeshona ndiye anayekaa, si mwenye gari, si mwenzake. Unaletewa kikombe cha chai ya moto, kinawekwa mbele yako, na huruhusiwi kukinywa. Unakaa mpaka chai ipoe. Ikishapoa, ndipo Fundi anakuja kukuuliza mwili wako unasemaje.

Kiti changu cha kwanza nilikijaza sponji kama mto wa bibi harusi. Nilipoketi nikatabasamu. Nilijiona fundi. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke nilipoanza kuhisi wadudu wanatembea mapajani, na ilipopoa sikuweza kusimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Fundi Kilonzo hakunisaidia kuinuka. Aliniambia dereva wa lori angekaa hapo mpaka Malaba, mpakani na Uganda, na akanipa kisu nifumue. Kiti kilaini sana kinakusifu ukikaa, halafu kinakugeuka. Hilo nililijua nikiwa msichana, na mtaona jinsi nilivyolisahau nikiwa bibi.

Hapa Birmingham nilipata kazi kwenye karakana moja Nechells, tunashona viti vya teksi na vya magari ya mizigo. Mambo yalikuwa mengine. Kule Nairobi tulikata kwa macho na chaki, hapa kulikuwa na vipande vilivyokatwa na mashine, gundi ya kupuliza, na bastola ya kupiga pini badala ya waya wa kukunja kwa koleo. Siku za kwanza niliidharau ile bastola. Baadaye vidole vyangu viliishukuru. Msiwe watu wa kusifu cha zamani kwa sababu tu ni cha zamani. Waya wa kukunja ulinikata mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Lakini desturi ya chai nilihamia nayo. Wenzangu walidhani nimekaa kupumzika, wakanung'unika kwa msimamizi. Akaja, akanikuta nimeketi kwenye kiti cha teksi katikati ya karakana, mikono mapajani, chai mbele yangu imeganda utando juu. Akauliza kama naumwa. Nilimweleza kwa Kiingereza changu kidogo. Alifikiri, akaenda kuvuta kiti alichokishona yeye mwenyewe, akaketi kando yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenung'unika tena.

Kulikuwa na dereva mmoja wa teksi, mtu wa hapa hapa Small Heath, aliyerudisha kiti akisema kimeinama kushoto. Nikakifumua, nikakishona upya. Akarudi, kimeinama. Nikakifumua tena. Aliporudi tena nilimwambia aketi mbele yangu nimtazame. Mfuko wa nyuma wa suruali yake ulikuwa na simu, rundo la funguo na kisanduku cha miwani. Nilimwambia kiti hakina ugonjwa, mfuko wako ndio mgonjwa. Alicheka, akautoa ule mzigo, na hakurudi tena ila kwa salamu. Nikajiwekea sheria: kabla ya kukilaumu kiti, mtazame anayekikalia. Hiyo sheria pia niliisahau. Sasa tufike kwa Hibaq.

Hibaq ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi. Ananiita Ayeeyo, yaani nyanya. Anafanya kazi kwenye ghala la vipuri kule Nechells, na ng'ambo ya barabara kuna gereji ya Papa Deo, Mkongo wa Bukavu, fundi wa injini. Huko ndiko mjukuu wangu alikojifunza kuendesha pikapu za mbio. Sikukubali upesi. Nilipokubali, nilitaka kujua kila kitu, maana mimi kitu kikishaingia nyumbani kwangu lazima nijue kinafungwaje na kinafunguliwaje.

Ile pikapu kwa nje utadhani ni ya kubebea kabichi. Ndani hamna kitu: mabomba ya chuma, usukani na kiti kimoja cha bati. Mlango haufunguki, dereva anaingilia dirishani. Na mpaka mwaka huu Hibaq alikuwa akishindana kwenye njia za kujikunja, kona ya kulia, kona ya kushoto. Jumapili ndiyo mara yake ya kwanza kwenye uwanja wa mviringo, kona za kushoto tu, mwanzo mpaka mwisho.

Uwanja wenyewe ni mzee kuliko mimi. Jukwaa lina paa la bati lililoshika kutu vizuri, kama limepakwa. Ukuta wa zege unaozunguka njia umejaa alama za rangi, nyekundu, buluu, njano, kila gari lililougusa limeacha yake na hakuna anayezifuta. Nilipitisha kidole. Mzee anayefungua geti aliniambia baadhi ya rangi hizo ni za madereva ambao sasa wanakuja na wajukuu wao kutazama, na kila mmoja hupita kwanza kuangalia kama alama yake bado ipo. Nilisimama pale muda mrefu. Sijui kwa nini mtu atake kukumbuka mahali alipogonga ukuta, lakini nilijikuta natafuta ile ya zamani kuliko zote.

Nilimuuliza Papa Deo swali ambalo na nyinyi mnalo, msijifanye. Mtu anapata raha gani kuzunguka halafu anarudi alipoanzia?

"Mama, acha nikuambiye," akasema. "Bugali unazungusha mwiko pale pale, si ndiyo? Lakini bugali ya kila mutu iko tofauti. Mu kona njo kuko akili."

Akili iko kwenye kona: jibu hilo lilinitosha. Nikamuuliza na Hibaq, siku aliporudi kutoka mazoezi ya kwanza pale uwanjani. Nilitaka kujua akizunguka anaona nini. Aliketi mezani kichwa kimelala bega la kulia kama kuku anayesikiliza, akaniambia haoni kitu. Mizunguko ya kwanza anaona njia. Halafu kona inamsukuma kulia, kulia, kulia, shingo inachoka, helmeti inalala, na anachoona ni glovu zake na kipande cha anga.

Hapo sikucheka. Ule ukuta niliugusa kwa kidole changu.

Papa Deo naye aliliona. Si mtu mbaya, na alisema mbele yetu sote, kwa heshima. Kulikuwa na mazoezi mengine mawili kabla ya Jumapili. Hibaq asipoweza kumaliza mazoezi marefu kichwa kikiwa kimesimama, pikapu itaendeshwa na Patrick, mpwa wake, ambaye shingo yake ni kama gogo. Hibaq hakubisha. Alikwenda chumbani, na asubuhi nikamkuta jikoni anavuta kichwa chake kwa mkono huku na huku, ati anakomaza shingo. Mwaka mzima ameihangaikia hiyo pikapu, akiosha mafuta mikononi kabla ya kula chakula changu. Nilimwambia aache kujivunja, mimi ndiye fundi wa viti.

Nikashona. Nilimtengenezea mto wa kuegemeza kichwa, upande wa kulia, kwa sponji laini kuliko zote nilizokuwa nimeweka, kitambaa kisichoshika moto juu yake, mshono wa mara mbili. Ulikuwa mzuri. Na kwenye mazoezi ya pili mambo yakaharibika zaidi. Kichwa kilizama ndani ya mto na hakikutoka. Aliitoa pikapu njiani kabla mazoezi hayajafika nusu, akashuka dirishani, akaketi chini karibu na gurudumu. Patrick alikuwa tayari anajaribu glovu.

Yakabaki mazoezi ya siku moja tu.

Usiku huo sikulaumu mto. Niliwaza kwamba kiti hicho nimeshakigusa mara ngapi, na sijawahi kukikalia. Nilikiacha kitoke bila chai. Asubuhi nilikwenda gereji nikamwambia Papa Deo nataka kuketi ndani ya pikapu. Alinitazama magoti, akatazama dirisha. Alikuwa na haki. Basi akakifungua kiti, akakitoa, akasimama anakuna kichwa, kwa sababu kukikalia sakafuni hakusaidii. Sakafu haina kona.

Ni yeye aliyepata njia, sikumfundisha mimi. Alikifunga kiti kwa boliti kwenye benchi la chuma, halafu akaliinua benchi upande mmoja kwa jeki mpaka kiti kikalala ubavu wa kulia. Kwenye kona mwili unaanguka kulia, na hapo pia mwili unaanguka kulia. Hibaq akavuta turubai tusitazamwe kutoka barabarani, akanisaidia kupanda, akanivalisha helmeti juu ya mtandio na kunifunga mikanda. Chai ikawekwa juu ya tairi, mahali ninapoiona.

Nikalala ubavu kama samaki sokoni. Patrick alipita na spana mkononi, akasimama.

"Jumapili tumeshapata dereva," akasema. "Nyanya hata hana haja ya mafuta."

Nilimwambia aendelee na kazi yake kabla sijamshukia, na kwamba nikishuka sitashuka polepole. Hibaq alicheka, mara ya kwanza siku hizo.

Chai ikatoa mvuke. Nikangoja shingo ianze kuuma. Mvuke ukapungua. Shingo kimya. Utando ukashika juu ya chai, na mimi nimetulia kama niko kitandani kwangu. Papa Deo aliniuliza mara mbili kama nipo. Chai ikapoa kabisa, na kichwa changu kilikuwa kimesimama.

Sasa hilo halikuniingia akilini. Mimi shingo yangu ni ya bibi aliyeinamia cherehani maisha yake yote. Mjukuu wangu anabeba vipuri ghalani. Iweje mimi nitulie na yeye aanguke? Nikapitisha mkono kati ya mbavu zangu na ubavu wa kiti. Hamna nafasi. Nyonga, hamna nafasi. Bega, hamna nafasi. Kilinikaa kama nimeshonewa.

Nikawaambia wanishushe, wampandishe Hibaq, na suti yake ya mbio. Nikapitisha mkono pale pale. Ukaingia. Nikakunja ngumi. Ngumi ikaingia, kulia, na kushoto pia.

"Hiki kiti si chako," nikamwambia. "Hiki ni changu mimi."

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Kiti cha namna hii kinakunjwa mbavu zake kwa vipimo vya dereva, nyonga, mbavu na mabega. Miezi iliyopita Papa Deo alipotaka vipimo vya Hibaq alishika kofia yake mikononi akaniambia hawezi kupima mutoto wa mutu, nipime mimi nimletee. Nilimheshimu kwa hilo. Nikampima nyumbani, jikoni, wali uko motoni, yeye amenyoosha mikono huku anatafuna sambusa. Na mimi, wanangu, maisha yangu yote nimepima viti. Kupima mtu sikuwahi.

"Siku ile ulikuwa umevaa nini?" nikamuuliza.

Hibaq, amelala ubavu ndani ya helmeti, akasema, "Dera, Ayeeyo. Lile la zambarau."

Mnalijua dera. Dera la Hibaq la zambarau wanaingia watu wawili na mtoto. Nililizungushia tepu ya kupimia juu yake, nikampa Papa Deo namba, na Papa Deo akalikunja bati kufuata namba hizo kwa uaminifu.

Papa Deo ilibidi aketi juu ya tairi. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama," akasema, "tulitengenezea robe kiti." Robe kwao ni gauni.

Basi tulikuwa tunatibu kichwa, na ugonjwa uko mbavuni. Kila kona mwili wa Hibaq ulisafiri kwanza lile pengo, ndipo bati likamdaka, na shingo ikabaki inavuta peke yake. Kona baada ya kona. Mtu yeyote angechoka, hata Patrick na gogo lake.

Siku hiyo hiyo nilimpima upya, nyuma ya turubai, na suti, mikanda imekazwa, pumzi imetolewa nje. Nikashona mito ya mbavu na nyonga kwa sponji ngumu, ile ambayo ukiibonyeza inakubonyeza. Sikilizeni, kwa wale mtakaofanya kazi hii: mshono wa kiti cha mbio uwe upande wa nje. Usiache fundo wala upindo mnene upande wa mwili. Kitu kidogo kinachogusa ubavu hukisikii ukikaa, lakini ukibanwa nacho kwa muda kinakuwa msumari. Mto wangu laini wa kichwa niliutoa mwenyewe, nikaweka mwembamba, mgumu, wa kugusa tu si wa kulalia. Ule laini sasa anaulalia paka.

Mkaguzi wa uwanja, mama mmoja mrefu asiyecheka, alivuta kila mto kwa mikono miwili kuona kama utang'oka. Haukung'oka. Alinionyesha uzi mmoja uliochomoza na kuniambia niufiche. Alikuwa na haki, nikauficha.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa jioni, mawingu yametanda, njia kavu. Hibaq aliingia dirishani. Papa Deo alikaza mikanda, akagonga bati la paa, akarudi kusimama karibu nami. Patrick alikuwa upande wa pili, suti amevaa, glovu amevaa, kama ilivyokuwa imekubaliwa. Mimi nilikuwa nimemimina chai kutoka kwenye chupa, kikombe nimekiweka juu ya ukuta, kando ya alama moja ya rangi ya kijani.

Akaanza. Mara ya kwanza alipopita, helmeti imesimama. Nilitazama kona ya mbali, helmeti imesimama. Mvuke ukapungua. Mlio wa zile injini unaingia kwenye meno, mtausikia wenyewe Jumapili. Pikapu nyingine ilimkaribia kwa nje, wakaingia kona pamoja, na nilishika uzio kwa mikono yote miwili, kwa sababu hapo ndipo kichwa kilipokuwa kikilala. Wakatoka. Papa Deo akasema polepole, "Njo vile. Njo vile." Nikaacha kuhesabu. Nilitazama helmeti tu, ikija, ikienda, ikija.

Aliposimamishwa alishuka dirishani mwenyewe, akavua helmeti, mtandio wa ndani umelowa jasho. Nilimshika shingo kwa nyuma, kama ninavyoshika kitambaa kujua kimevutwa au la. Ilikuwa imetulia.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

Huyu mtoto, mnamjua, ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili.

"Nimekuona wewe, Ayeeyo. Kila nikitoka kona ya mwisho. Umenuna, na chai yako hunywi."

Patrick akavua glovu, moja, halafu ya pili, akaziweka juu ya tairi, akaenda kusaidia kusukuma pikapu. Papa Deo alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Alishaijua desturi.

Nikatia kidole kwenye kikombe. Ilikuwa baridi kabisa. Nikamwambia kiti kinaweza kutoka.